Wana kura 53 kati ya 100 na bado wanashindwa? Filibasta, majaji wa maisha na vita ya kanuni Marekani

Oktoba 2025 nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kinyozi, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa mwingine bado, TV pale ukutani inaonyesha habari za Marekani kwamba serikali imefungwa, wafanyakazi wa umma hawalipwi, waongoza ndege wanapiga kazi bila mshahara. Kinyozi akazima mashine. "Bro, hivi si chama cha Trump ndo kina kila kitu kule? Rais wao, bunge lao, na lile lingine la juu nalo lao. Sasa nani amewafungia serikali?" Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri zamu akadakia bila kutoa macho kwenye gazeti, wanajifungia wenyewe hao, maigizo tu.

Nikajifanya najua. Nikamwambia wanahitaji kura 60. Kati ya ngapi? Mia. Na wao wanazo ngapi? 53. Akanitazama kwenye kioo. "Sasa 53 kwa 47 si ndo wengi?"

Nilijibu ovyo ovyo siku ile nikitaka tu anyoe amalize, ila swali lenyewe ni la maana kuliko lilivyoonekana, kwa sababu ukilifuatilia vizuri linakupeleka mpaka kwa nini Mahakama ya Juu ya Marekani imekuwa vile ilivyo, na mpaka kwa nini kuna Watanzania waliozuiwa kuingia Marekani kwa bahati nasibu ya grini kadi mwaka 2020. Twende taratibu.

Nani ni nani kwanza

Bunge la Marekani, wenyewe wanaita Kongresi, lina nyumba mbili. Baraza la Wawakilishi lina watu 435, wanagawanywa kwa idadi ya watu, jimbo kubwa wabunge wengi jimbo dogo wachache, wanachaguliwa kila miaka 2. Seneti ina watu 100 tu, kila jimbo wawili, liwe na watu liwe na ng'ombe. California ina watu kama milioni 39 ina maseneta wawili, Wyoming haifikishi watu laki sita, yaani wachache kuliko wakazi wa Kinondoni peke yake, nayo ina wawili vile vile. Seneta anakaa miaka 6.

Halafu kuna Mahakama ya Juu. Majaji 9. Rais anapendekeza jina, Seneti inapiga kura, basi. Wale 435 hawahusiki kabisa na uteuzi wa majaji, hiyo weka akilini. Na jaji akishaapishwa anakaa maisha yake yote mpaka afe, astaafu kwa hiari yake, au aondolewe kwa mashtaka bungeni ambayo kwa jaji wa mahakama ile haijawahi kumng'oa hata mmoja. Kenya jaji akifika miaka 70 anafunga virago. Marekani hamna hicho kitu, ndo maana ukiona Wamarekani wanafuatilia afya ya bibi wa miaka 87 kama wanafuatilia matokeo ya mpira usiwashangae.

Sasa filibasta yenyewe

Fikiria kamati ya harusi. Watu 20 mmekaa, 11 wanataka ukumbi wa bei mbaya, 9 wanasema jamani tufunge maturubai nyumbani hela iliyobaki tununue nyama. Kwa kawaida mwenyekiti anasema haya tupige kura, 11 wanashinda, mnahamia kwenye ajenda ya MC. Sasa ongeza kanuni moja tu: hatupigi kura mpaka kila mwenye la kusema amalize, na hakuna wa kumnyamazisha mwenzake mpaka watu 12 wakubali kwamba maneno yametosha. Hapo ndo umekwisha. Shangazi asiyetaka ukumbi anasimama anaanza na historia ya ndoa ya bibi mzaa baba, anashuka taratibu, saa nne usiku watu wanaangalia simu, na wale 11 wanahesabiana wanajikuta kumi na moja wapo, wa kumi na mbili hawana. Ukumbi wanao kwa kura ila kura yenyewe haifikiwi.

Hiyo ndo Seneti, na kukwamisha huko kwa maneno ndo filibasta. Kuna kura mbili na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni ya kufunga mjadala, inataka 60. Ya pili ni ya kupitisha muswada wenyewe, hiyo 51 inatosha. Ukikosa ya kwanza ya pili huioni. Kwa hiyo Warepublikani, chama cha Trump, na 53 zao walikuwa na za kupitisha na hawakuwa na za kufika mahali pa kupitisha.

Uongo wa kwanza unaozunguka ni kwamba hii iko kwenye katiba yao. Haipo. Ilitokea kwa bahati mbaya tu, mwaka 1806 Seneti ilikuwa inasafisha kitabu chake cha kanuni ikafuta kifungu kilichokuwa kinaruhusu walio wengi kukata mjadala, walikiona hakina kazi, na kwa miaka mingi hakuna aliyegundua kwamba mlango umeachwa wazi. Baadaye wajanja wakagundua. Neno lenyewe filibasta limetoka kwenye Kihispania, walivyokuwa wanaitwa maharamia, maana mtu aliyeteka kikao walimuona kama aliyeteka meli. Mwaka 1917 maseneta wachache walimkwamisha Rais Woodrow Wilson asiweze kuweka silaha kwenye meli za biashara wakati vita kuu inanukia, wananchi wakachukia, Seneti ikaweka kanuni kwamba theluthi mbili wakikubali mjadala unafungwa. Mwaka 1975 wakashusha mpaka 60. Hapo ndo imekaa hadi leo.

Na hii kanuni ina historia chafu, tusizunguke. Kwa miaka mingi waliokuwa wanaitumia kwa bidii zaidi ni maseneta wa majimbo ya kusini kuzuia sheria za haki za watu weusi. Strom Thurmond wa South Carolina mwaka 1957 aliongea masaa 24 na dakika 18 peke yake, inasimuliwa kwamba alikaa kwanza kwenye chumba cha mvuke akatoa maji mwilini ili asisumbuliwe na choo. Sheria ikapita hata hivyo. Ile kubwa ya 1964 iliyopiga marufuku ubaguzi ilikwamishwa miezi, mpaka tarehe 10 Juni wakapatikana 71 dhidi ya 29 wa kufunga mjadala. Rekodi ya Thurmond ilikuja kuvunjwa Aprili 2025 na Cory Booker, seneta mweusi wa New Jersey, masaa 25 na dakika 5 amesimama, na mimi nilifurahi kidogo nikisema ukweli, ila ile video mliyoitazama wengi haikuwa filibasta, hakukuwa na muswada aliouzuia, alikuwa anaongea tu kupinga sera za Trump.

Filibasta ya siku hizi haina hata mtu wa kusimama. Miaka ya sabini mwanzoni walipanga utaratibu kwamba muswada uliokwama unawekwa pembeni shughuli nyingine zinaendelea, nia ilikuwa njema, Seneti isisimame nzima kwa sababu ya mtu mmoja mbishi. Matokeo yake kukwamisha kukawa bure. Zamani shangazi alitakiwa asimame usiku kucha miguu ivimbe, sasa hivi anatuma meseji tu kwenye grupu "mimi napinga", halafu analala, na kamati inatakiwa itafute watu 12. Kitu kilichokuwa cha dharura kikawa cha kila siku, na hilo ndo naona watu wanalikosa wakisema "mbona filibasta ipo tangu zamani". Jina ni la zamani lakini matumizi haya ni mapya.

Milango ya nyuma

Sasa utaniuliza, mbona Julai 2025 Trump alipitisha ule muswada wake mkubwa wa kodi, na ulipita 51 kwa 50, Makamu wa Rais JD Vance akiwa ndo kura ya kuvunja sare? Nyumba ile ile, watu wale wale, miezi mitatu kabla ya Oktoba.

Ni kwa sababu kuna sheria ya bajeti ya 1974 inayosema aina fulani ya miswada, ile ya kodi na matumizi tu, mjadala wake una masaa maalum, yakiisha yameisha, hamna filibasta. Ni kama kamati ya harusi ikubaliane kwamba mambo ya nyama peke yake hayana mjadala mrefu. Basi kila mtu anaanza kuita kila kitu nyama. Mapambo? Si yanakaa karibu na nyama. Kuna ofisa wa kanuni pale Seneti, hachaguliwi na wananchi, kazi yake kusema hiki ni nyama hiki siyo. Mwaka 2021 Wademokrati walitaka kupenyeza kima cha chini cha mshahara dola 15 kwa saa kupitia mlango huo, ofisa Elizabeth MacDonough akasema hapana, kikatolewa. Kuongeza muda wa kuendesha serikali, kama ule muswada uliokwama Oktoba, unapita njia ya kawaida, ya kura 60.

Mlango wa pili ni majaji, na huu haukufunguliwa na sheria yoyote, ulivunjwa, na nataka tukae hapa kidogo kwa sababu namna ulivyovunjwa ni kama sinema.

Tarehe 21 Novemba 2013. Rais ni Obama, Wademokrati wana wengi Seneti, ila majina matatu ya majaji wa mahakama ya rufaa ya Washington yamekwama, Warepublikani wamegoma kufunga mjadala. Kiongozi wa walio wengi, Harry Reid, anasimama. Wale mnaotazama Bunge letu la Dodoma mnajua mbunge anavyoruka na "kuhusu utaratibu, mheshimiwa", basi ndo hivyo hivyo. Reid anasema kuhusu utaratibu, kura ya kufunga mjadala kwa majina ya uteuzi, ukiacha Mahakama ya Juu, ni ya walio wengi tu. Kila mtu mle ndani anajua siyo kweli, Reid mwenyewe anajua. Kwenye kiti yuko Patrick Leahy wa chama hicho hicho, mzee yupo Seneti tangu 1975, anajibu kwa uaminifu kabisa kwamba kwa mujibu wa kanuni hoja yako haisimami. Reid anasema nakata rufaa dhidi ya uamuzi wa kiti.

Na rufaa dhidi ya kiti inaamuliwa na walio wengi wa kawaida. Umeona mtego? Wakaulizwa, uamuzi wa kiti usimame? 48 wakasema usimame, 52 wakasema usisimame. Leahy mwenyewe alipiga kura kuangusha uamuzi aliotoka kuutoa dakika chache zilizopita. Kuanzia pale majaji wa chini na maofisa wa serikali wanapita kwa wingi wa kawaida, na ukifungua kitabu cha kanuni leo hakuna kilichofutwa, bado kimeandikwa sehemu tatu kati ya tano, yaani 60. Kimeandikwa 60 kinasomwa 51. Wenyewe wanaiita njia ya nyuklia, kwa sababu ukiirusha wewe, mwenzako naye atairusha.

Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublikani, aliwaambia siku ile ile mtakuja kujuta, na huenda mapema kuliko mnavyodhani. Ilichukua miaka mitatu na kitu.

Kiti cha marehemu

Februari 13, 2016 Jaji Antonin Scalia akafariki ghafla. Huyu alikuwa nguzo ya upande wa kihafidhina, aliteuliwa 1986 akapita kwa kura 98 kwa sifuri, soma tena, 98 kwa sifuri, hata waliomjua kuwa hawakubaliani naye walimpigia. Ruth Bader Ginsburg wa upande wa pili alipita 1993 kwa 96 kwa 3. Ndo ilivyokuwa, wakiangalia zaidi kama mtu anaijua kazi. (Kuna waliosema urafiki uliisha 1987 Robert Bork, aliyependekezwa na Rais Reagan wa Republikani, alipokataliwa 58 kwa 42, na kweli Warepublikani hawajawahi kusamehe ile.)

Obama akamteua Merrick Garland tarehe 16 Machi. Seneti sasa iko mikononi mwa Warepublikani, na McConnell hakumkataa. Wala hakumpigia kura. Hakumpa hata kikao cha kuhojiwa. Alisema tu huu ni mwaka wa uchaguzi, waacheni wananchi waamue. Jina likakaa mezani siku 293 mpaka likafa lenyewe Januari 2017. Lindsey Graham, seneta mwenzake, alisema hadharani kwamba hata siku rais akiwa Mrepublikani na kiti kikiwa wazi mwaka wa mwisho, yatumieni maneno yangu dhidi yangu. Tutarudi kwake.

Trump akashinda, akamleta Neil Gorsuch. Wademokrati kwa hasira wakaweka filibasta, na tusiwaoneshe kama malaika, hata Obama akiwa seneta mwaka 2006 alipiga kura kuzuia mjadala wa Alito, mteule wa Rais Bush kwenye mahakama hiyo, usifungwe. Tarehe 6 Aprili 2017 McConnell akafanya igizo lile lile la Reid hatua kwa hatua, kuhusu utaratibu, kiti kinakataa, rufaa, kura, na hata idadi ilikuwa ile ile, 52 kwa 48. Sasa na Mahakama ya Juu nayo ni 51. Gorsuch akaapishwa. Oktoba 2018 Brett Kavanaugh akapita 50 kwa 48.

Halafu Septemba 18, 2020 Ginsburg akafariki akiwa na miaka 87. Uchaguzi ulikuwa Novemba 3. Kwa hesabu ya 2016 wananchi wangeachwa waamue, si ndiyo? Amy Coney Barrett aliteuliwa Septemba 26 akathibitishwa Oktoba 26, siku 30 kamili, siku nane kabla ya uchaguzi, 52 kwa 48, bila Mdemokrati hata mmoja. Mwenyekiti wa kamati iliyomhoji alikuwa Lindsey Graham. Yule yule.

Kwa maoni yangu, na unaruhusiwa kunipinga, kubadilisha kanuni alikofanya Reid na alikofanya McConnell ni mchezo mmoja, wote wanastahili lawama sawa. Ila kuacha kiti wazi karibu mwaka mzima kwa sababu uliyoitunga, halafu kuila sababu yako mwenyewe baada ya miaka minne, hicho ni kitu kingine, na hapa hakuna kanuni iliyovunjwa hata moja. Katiba inasema rais anateua kwa ushauri na ridhaa ya Seneti, haisemi Seneti ikinyamaza inakuwaje. McConnell alikaa ndani ya lile shimo tu.

Matokeo unayajua, majaji 6 walioteuliwa na marais wa Republikani kwa 3 wa Demokrati, na Juni 24, 2022 wakafuta haki ya kitaifa ya utoaji mimba iliyokuwepo tangu 1973. Trump alipata viti vitatu kwa miaka minne. Jimmy Carter alikaa Ikulu miaka minne asipate hata kimoja, hakuna aliyekufa hakuna aliyestaafu. Bahati tu. Siku hizi majaji wenyewe wanaisaidia bahati, Kennedy alistaafu 2018 Trump akiwepo, Breyer 2022 Biden akiwepo akapata nafasi ya kumwingiza Ketanji Brown Jackson. Ginsburg aliambiwa na watu wa upande wake astaafu wakati Obama ana Seneti, akakataa.

Na inatuhusu nini sisi

Jirani yangu alikuwa anacheza grini kadi kila mwaka, picha ya paspoti nyuma nyeupe, stationery ya pale kona, kila Oktoba. Tarehe 31 Januari 2020 Trump akatoa tangazo kwamba Watanzania wasiingie tena Marekani kwa ile bahati nasibu, sisi na Sudan. Jirani alidhani ni wale jamaa wa stationery wamemjazia vibaya.

Rais alipata wapi nguvu hiyo? Juni 26, 2018 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Hawaii dhidi ya zuio la Trump la wasafiri, lile lililokuwa na Somalia na Yemen na wengine, na ikasema sheria ya uhamiaji inampa rais mamlaka mapana ya kuzuia watu wa nchi fulani kuingia. Kura zilikuwa 5 kwa 4. Mmoja wa wale watano alikuwa Gorsuch, amekaa kwenye kiti ambacho Garland hakupewa hata kikao. Siwezi kuapa Garland angepiga vipi, lakini toa Gorsuch kwenye hesabu ile uone inabaki ngapi. Biden alilifuta tangazo siku ya kwanza, Januari 20, 2021.

Kwa nini wasiongeze tu majaji

Hili nalo linaulizwa sana, na wengi wanadhani tisa iko kwenye katiba. Nayo haipo. Ni sheria ya kawaida. Walianza na 6 mwaka 1789. Mwaka 1801 John Adams ameshashindwa uchaguzi na Jefferson, chama chake kikaharakisha sheria ya kupunguza viti viwe 5 ili mpinzani asipate wa kuteua, wenzao wakaifuta mwaka uliofuata. Wakaenda 7, wakaenda 9, mwaka 1863 wakafika 10, 1866 wakapanga kushuka mpaka 7 ili Andrew Johnson asiteue mtu, 1869 wakarudi 9. Kwa hiyo anayesema huu uhuni umeanza na Trump hajui hesabu.

Aliyejaribu kwa kishindo ni Franklin Roosevelt. Mwaka 1936 alishinda majimbo 46 kati ya 48, mahakama ilikuwa inampigia chini sheria zake, 1937 akasema kila jaji aliyezidi miaka 70 asiyetaka kutoka nimuongezee mwenzake, mpaka sita. Alikuwa na Seneti iliyojaa watu wa chama chake, na hao hao wa chama chake ndo waliomkatalia, muswada ukarudishwa kamati ukafia huko. Mwaka 2021 baadhi ya Wademokrati wakaleta muswada wa kwenda 13, haukufika popote, na kwanza ungehitaji, umeshakisia, kura 60.

Kitu kimoja ili tusipotoshane: jaji siyo rimoti. Ukimteua haimaanishi unambonyeza. Desemba 2020 Texas ilipeleka kesi ya kutaka matokeo ya majimbo manne yaliyompa Biden ushindi yatupwe, mahakama yenye watatu wa Trump ikaikataa. Kitu ambacho vyama vinanunua ni mtazamo wa mtu kuhusu katiba, na kwa miaka 30 mbele, ndo maana siku hizi wanateua wenye miaka 48 siyo 65.

Tunarudi kwenye kiti cha kinyozi

Sasa kama njia ya nyuklia ipo na inataka 51 tu, mbona Warepublikani hawakuilipua filibasta yote ile Oktoba wakafungua serikali? Trump mwenyewe aliwataka hivyo hadharani, kama alivyowataka awamu ya kwanza. Na wala hawaogopi kubonyeza, kwa sababu mwezi ule ule, tarehe 7, waliidhinisha watu 107 wa serikali kwa kura moja ya mkupuo baada ya kupindisha kanuni kwa njia ile ile ya rufaa dhidi ya kiti.

Ila kwa miswada ya kawaida kiongozi wao John Thune alikataa, na sababu ni ile ile iliyowafanya Joe Manchin na Kyrsten Sinema wawagomee Wademokrati wenzao Januari 2022, ilipopigwa kura ya kulegeza filibasta kwa ajili ya sheria ya uchaguzi ikaanguka 52 kwa 48. Kila seneta anajua kesho yuko upande wa 47. Ukuta ukiuvunja leo upitishe yako, mwenzako akishika anapitisha zake, Washington DC inakuwa jimbo inaleta maseneta wawili, Puerto Rico inafuata, majaji wanafika 13. Na kuna jingine hawalisemi kwa sauti: filibasta inawapa kisingizio. Wananchi wakiuliza mbona hamkutekeleza, jibu ni kura 60 hatukuwa nazo.

Kwa hiyo nani aliwafungia? Wote wawili, Warepublikani hawakutaka kuvunja ukuta na Wademokrati hawakutaka kutoa kura bila ruzuku ya bima ya afya kuongezewa muda. Ilipofika siku ya 40, maseneta wanane wa upande wa pili wakavuka, Mrepublikani mmoja Rand Paul akabaki amegoma, ikatoka 60 kwa 40. Sitini kamili, hata moja ya akiba hamna. Trump akasaini Novemba 12, siku ya 43.

Nilirudi kunyoa wiki iliyofuata nikamueleza kinyozi yote haya, kamati ya harusi na shangazi na kila kitu, mzee wa gazeti naye yupo. Kinyozi akasikiliza mpaka mwisho, akapuliza nywele kwenye mashine, akauliza hela waliyopitisha ni ya mpaka lini. Nikamwambia serikali kwa sehemu kubwa mpaka Januari 30.

"Na wale 53 bado 53?"

Bado.

Mzee akacheka, akageuza ukurasa wa michezo.